Wahandisi wa medani: daraja linavyojengwa huku risasi zikilia

Watu wa Ilagala, huku Kigoma, wamevushwa Malagarasi kwa pantoni kwa miaka mingi. Jeshini pantoni ni boya kubwa lenye uwazi ndani. Ukiyapanga maboya kadhaa ubavu kwa ubavu kutoka ukingo hadi ukingo, ukayafunga na kuyatandikia sakafu, umepata daraja. Wanaoifanya kazi hiyo vitani huitwa wahandisi wa medani.

Ni askari kamili. Hutegua mabomu ya ardhini, hutengeneza barabara, hulipua madaraja ili adui asipite, na hujenga upya yale aliyoyalipua adui. Wazee wetu waliopigana Vita vya Kagera wanalijua hilo vizuri: mwaka 1978 majeshi ya Idi Amin yalililipua daraja la Kyaka, na mto Kagera ukawa ukuta mbele ya jeshi letu.

Sasa chukua Malagarasi wakati wa masika, maji yamejaa, adui yuko ng'ambo. Daraja halianzi kwanza. Kwanza askari wa miguu huvuka kwa mashua, mara nyingi usiku, wamfurushe adui anayeuona mto kwa macho yake. Moshi hufukizwa kuficha ukingo. Hata hivyo mizinga ya mbali inabaki, na inajua daraja litajengwa wapi, kwa sababu sehemu zenye kingo imara na njia ya magari ni chache.

Hapo ndipo penye siri ya kazi hii, nami naiheshimu sana: fikra zote zimemalizwa kabla. Daraja la Bailey, lililobuniwa na Mwingereza Donald Bailey wakati wa Vita Kuu ya Pili, ni fremu za chuma zinazofanana zote. Kila moja ina urefu wa mita 3 hivi na uzito wa karibu kilo 260, mzigo wa wanaume sita. Hakuna haja ya winchi. Gizani wanaibeba, wanalinganisha matundu na ya fremu iliyotangulia, mmoja anapapasa kwa kidole kuona kama yameingiliana, kisha pini inagongwa kwa nyundo. Ngo! Mlio huo unasikika hadi ng'ambo, lakini pini lazima igongwe.

Daraja zima hujengwa nchi kavu, juu ya magurudumu ya chuma, kisha husukumwa mbele. Pua yake ni fremu tupu, nyepesi, na mkia lazima uwe mzito kuipita, la sivyo lote litabinukia mtoni. Pua ikigusa ng'ambo, hufunguliwa na kuondolewa.

Usiku wa kuamkia tarehe 13 Mei 1944, karibu na Cassino nchini Italia, wahandisi wa Uingereza walijenga Bailey juu ya mto Gari kwa saa 12 hivi, wakipigwa mfululizo. Wengi waliuawa au kujeruhiwa. Daraja hilo waliliita Amazon, na asubuhi vifaru vilipita.

Vifaru vikishapita, wajenzi hawaondoki. Hubaki palepale ukingoni na fremu za akiba, kwa sababu kombora moja likipiga sakafu, wao ndio wanaorudi juu ya maji kuziba.