Chuchu zinawaka, mdomo wa mtoto una utando: maswali ya mama anayenyonyesha kuhusu fangasi

Mama alikuwa ameshazoea. Vidonda vya siku za mwanzo vilipona, mtoto ananyonya vizuri, uzito unapanda kwenye kadi ya kliniki. Kisha wiki ya sita au ya saba chuchu zote mbili zinaanza kuwaka, naye anauma meno kila mtoto anapofungua kinywa. Wengi huacha kunyonyesha hapo, na inaumiza kuona hivyo kwa sababu tatizo lenyewe mara nyingi lina dawa. Haya ndiyo maswali yanayoulizwa sana.

Mtoto ana weupe kwenye ulimi. Nitajuaje kama ni maziwa tu au ni fangasi?

Nawa mikono, viringisha kitambaa laini chenye maji kwenye kidole, ufute taratibu. Ukoga wa maziwa hutoka, na kwa kawaida unakaa kwenye ulimi peke yake. Fangasi hung'ang'ania. Utaiona kama mabaki ya maziwa mgando kwenye ulimi, fizi, kaakaa na upande wa ndani wa mashavu. Ukiibandua kwa nguvu, chini yake pako pekundu na panaweza kutoa damu, kwa hiyo usibandue. Ukishaona haitoki, umepata jibu.

Kagua na sehemu ya nepi. Fangasi hiyo hiyo hupita tumboni na kutoka na choo, kisha huleta upele mwekundu kwenye mikunjo ya mapaja wenye vidoti vidogo vinavyosambaa pembeni. Watoto wengine hushika titi na kuliachia huku wakilia. Wengine hawaonyeshi usumbufu wowote.

Na mimi je? Chuchu zangu naziona kama kawaida.

Picha nyingi za vitabuni zinaonyesha chuchu za waridi zilizogeuka nyekundu, na mama mwenye ngozi nyeusi akijitazama haoni wekundu huo. Tafuta mng'ao usio wa kawaida, ngozi inayobanduka magamba membamba, au rangi iliyobadilika kwenye duara linalozunguka chuchu. Muwasho pia ni ishara.

Ila kinachosaidia zaidi ni namna maumivu yanavyokuja. Ya fangasi huanza baada ya kipindi cha kunyonyesha bila shida, hushika pande zote mbili, na hayaishi mtoto akiachia: huendelea kuwaka, wakati mwingine hadi saa nzima baada ya kunyonyesha. Homa huwa haipo, wala sehemu ya titi kuwa ngumu na ya moto.

Kwa hiyo chuchu zikiuma ni fangasi?

Hapana, na hapa naomba usome polepole, kwa sababu akina mama wengi wamepaka dawa ya fangasi kwa wiki kadhaa kwa tatizo ambalo si fangasi. Chanzo kikubwa cha maumivu ya chuchu ni namna mtoto anavyoshika titi. Akishika chuchu peke yake, badala ya kuingiza na sehemu kubwa ya duara jeusi mdomoni, chuchu hubanwa kwenye kaakaa na hutoka ikiwa imebonyea kama ncha ya lipstiki. Hakuna krimu inayoponya hilo. Dawa yake ni muuguzi au mkunga kukaa nawe, akuangalie unavyonyonyesha, na kukurekebishia namna unavyompakata mtoto.

Chuchu ikigeuka nyeupe kabisa mtoto akiachia, hasa kukiwa na baridi, kisha ikauma sana, huenda mishipa ya damu inajikaza. Hapo kitambaa cha joto husaidia. Titi moja likivimba, likawa gumu na la moto, nawe ukatetemeka kwa homa, huo ni uvimbe wa titi, na matibabu yake ni tofauti. Kidonda chenye ukoko wa njano kinaweza kuwa na bakteria. Na kama ni chuchu moja tu yenye ngozi inayobanduka au kidonda kisichopona kwa wiki kadhaa hata kwa dawa, mwambie daktari aichunguze vizuri, kwani ipo aina ya saratani ya titi inayoanza kwa kujifananisha na ugonjwa wa ngozi.

Ndiyo maana mdomo wa mtoto uangaliwe kabla dawa haijaandikwa. Mdomo huo ukiwa na utando wa kweli, mashaka hupungua sana.

Tumeipata wapi? Nyumba yangu ni safi.

Haihusiani na uchafu. Fangasi hii, Kandida, huishi mdomoni, tumboni na ukeni kwa watu wengi wasioumwa chochote, na bakteria wazuri wa mwilini huizuia isizidi. Mizani hiyo ikiharibika, inaongezeka. Kinachoiharibu mara nyingi ni antibayotiki. Mama aliyejifungua kwa upasuaji hupewa antibayotiki, hivyo aliyezaa kwa kisu asishangae. Mtoto anaweza kuipata wakati wa kuzaliwa akipita kwenye uke wenye fangasi. Kisha hupenda joto, unyevu na ngozi iliyochubuka, na chuchu ya mama anayenyonyesha ina vyote vitatu.

Niseme na hili. Mtoto akikataa titi na kupungua uzito, majirani huwa wepesi kusema amebemendwa, au ana meno ya plastiki yanayotakiwa kung'olewa. Utando wa mdomoni hauletwi na baba na mama kukutana kimwili. Na kumkata mtoto fizi kwa wembe au sindano kumeua watoto kwa kutokwa damu na maambukizi. Mfungue mdomo, uangalie, mpeleke kituo cha afya.

Niache kunyonyesha hadi nipone?

Usiache. Maziwa yako hayana madhara kwa mtoto mwenye fangasi, na titi likikaa limejaa unajiongezea tatizo la pili. Anza na upande usiouma sana. Parasetamoli au ibuprofeni unaweza kumeza kwa kipimo cha kawaida ukiwa unanyonyesha, nusu saa kabla ikibidi. Siku ambayo huvumilii kabisa, kamua na umpe kwa kikombe, kisha urudi kwenye titi maumivu yakipungua.

Dawa ni zipi, na zinatumikaje?

Mtoto na mama hutibiwa siku moja, kwa pamoja, hata kama mmoja wao haonyeshi dalili. Sipati neno la kulisisitiza hili vya kutosha. Mama akitibiwa peke yake, mtoto anamrudishia. Mtoto akitibiwa peke yake, chuchu inamrudishia.

Kwa mtoto, inayotumika sana ni nistatini ya maji. Kipimo cha kawaida ni mililita 1, yenye yuniti 100,000, mara 4 kwa siku. Tikisa chupa. Mpe baada ya kunyonya, si kabla, ili maziwa yasiioshe. Dondosha nusu upande huu wa shavu na nusu upande ule, kwani dawa hii hufanya kazi pale inapogusa; akiimeza yote mara moja imepita bila kufanya kazi. Endelea kwa siku 2 baada ya utando kuisha. Wengi huacha siku ya tatu wakiona mdomo umesafika, na hiyo ndiyo sababu wanarudi baada ya wiki mbili.

Kuna pia jeli ya mikonazoli. Ni nzuri, lakini ni nzito na inaweza kumpalia mtoto mchanga, kwa hiyo haitumiki kwa mtoto wa chini ya miezi 4, na aliyezaliwa njiti husubiri zaidi. Kwa mkubwa wake, paka kidogo kidogo kwa kidole sehemu ya mbele ya mdomo. Usiijaze kijiko, na usiipake kwenye chuchu ili ainyonye.

Kwako wewe ni krimu ya mikonazoli ya asilimia 2, tabaka jembamba kila baada ya kunyonyesha. Ikibaki inayoonekana, ipanguse kwa kitambaa laini kabla ya kunyonyesha tena. Tahadhari ukiwa duka la dawa: krimu nyingi zinazouzwa kama "za fangasi" ni mchanganyiko wenye steroidi, yaani dawa za kutuliza uvimbe na muwasho wa ngozi, zisizoua fangasi. Soma boksi. Ukiona betamethasoni au klobetasoli, irudishe, isipokuwa daktari ndiye aliyekuandikia.

Maumivu yakikataa, daktari anaweza kukupa vidonge vya flukonazoli. Hivyo usijinunulie: kipimo chake kwa tatizo hili si kile kidonge kimoja cha fangasi ya ukeni, na vinagongana na baadhi ya dawa nyingine. Kiasi kinachopita kwenye maziwa hakitoshi kumtibu mtoto, kwa hiyo yeye aendelee na ya kwake.

Nafuu huanza siku ya pili au ya tatu. Zikifika siku 7 bila mabadiliko, rudi mkaangaliwe upya. Usiongeze chupa nyingine.

Bibi yake anataka tumpake ile dawa ya zambarau.

GV ni ya miaka mingi, na miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya kutibu watoto iliielekeza kwa nguvu ya asilimia 0.25. Inaua fangasi kweli. Lakini ikiwa kali au ikipakwa siku nyingi huleta vidonda mdomoni, na mwaka 2019 Wizara ya Afya ya Kanada iliwatahadharisha watu wake kuhusu uwezekano wa kusababisha saratani. Kama nistatini inapatikana, mweleze bibi kwa heshima kwamba siku hizi kuna ya afadhali.

Asali? Ndimu? Chumvi?

Asali hapana, kabisa, hadi mtoto atimize mwaka 1: inaweza kubeba vijidudu vinavyotoa sumu ya kupoozesha mwili. Ndimu inachoma, na chumvi kusuguliwa kwenye fizi ni kumtesa.

Imerudi mara ya tatu.

Anza na vitu vinavyoingia mdomoni. Chuchu bandia, chupa na vifaa vya kukamulia vichemshwe kila siku wakati wa matibabu. Sidiria, taulo na kanga unayojifutia maziwa zifuliwe kwa maji ya moto na kuanikwa juani. Vitambaa vya kufyonza maziwa vibadilishwe vikilowa. Nawa mikono baada ya kubadilisha nepi. Kama una fangasi ukeni, itibiwe pia.

Vyote hivyo vikiwa sawa na bado inarudi, pima sukari. Na mtoto apimwe VVU kama hajapimwa. Utando wa mara moja kwa mtoto mchanga ni jambo la kawaida na haumaanishi hivyo, lakini unaorudi rudi, au unaotokea bila antibayotiki kwa mtoto aliyeshatoka katika umri huo, unahitaji jibu la maabara.

Ninaishi na VVU na ninanyonyesha. Nifanye nini?

Usisubiri kesho. Chuchu zenye vidonda na mdomo wa mtoto wenye fangasi huongeza hatari ya maambukizi, kwa hiyo mwone muuguzi wako siku hiyo hiyo. Huenda akakuelekeza unyonyeshe upande usio na kidonda tu, ukamue na kumwaga maziwa ya upande wenye kidonda hadi upone. Dawa zako na za kinga za mtoto zisikatizwe hata siku moja.

Lini nimkimbize hospitali?

Mtoto akikataa kunyonya kabisa, nepi zikikaa kavu kwa saa nyingi, akilegea, akiwa na homa, au utando ukishuka kooni na akashindwa kumeza. Mtoto wa chini ya miezi 2 usimpime pime nyumbani, mpeleke.

Maziwa niliyokamua na kugandisha wakati naumwa, niyamwage?

Mpe sasa, wakati nyote mnatumia dawa. Kugandisha hakuui fangasi, kwa hiyo usiyaweke akiba ya kumpa mwezi ujao mkiwa mmeshapona.