Mchanganyiko mzito na mchanganyiko mwepesi: kwa nini skuta ya zamani haivuti

Ukifungua resi skuta ikanguruma tu bila kwenda, fundi atakwambia neno moja: mchanganyiko. Atalisema huku akitafuta bisibisi, kana kwamba amekwisha kueleza kila kitu, na wewe utaitikia kwa kichwa na kutoa pesa. Neno lenyewe si baya. Shida ni kwamba lina maana mbili, na mojawapo ina pande mbili zinazopingana. Dawa ya upande mmoja ni sumu kwa upande wa pili.

Maana ya kwanza ni ile ya kituo cha mafuta. Skuta nyingi za zamani, zile za gia kwenye mkono wa kushoto, zina injini ya mipigo miwili. Injini hiyo haina oili inayokaa chini ikimlainishia pistoni kama injini ya bodaboda. Oili hutiwa ndani ya petroli na huungua nayo. Kipimo cha kawaida ni asilimia 2, yaani mililita 20 kwa kila lita. Lita 5 za petroli huhitaji mililita 100 za oili. Mchanganyiko huu unauona kwa macho na kuunusa.

Maana ya pili ndiyo inayowasumbua watu, kwa sababu haionekani. Ni uwiano kati ya hewa na petroli inayoingia kwenye silinda. Ili petroli iungue yote bila kubakiza kitu, gramu moja inahitaji gramu 14.7 za hewa. Injini inayotakiwa kuvuta kwa nguvu zake zote hupenda petroli izidi kidogo hapo, gramu 12 hadi 13 za hewa kwa gramu moja. Petroli ikizidi sana, mafundi huuita mchanganyiko mzito. Hewa ikizidi, mwepesi. Angalia kwamba kinachohesabiwa ni uzito, si ujazo. Lita moja ya petroli humeza karibu lita 9,000 za hewa ya Mombasa. Hapa Nakuru, mita 1,850 hivi juu ya bahari, hewa ni nyepesi kwa karibu moja ya sita, kwa hiyo lita hiyohiyo hutaka zaidi ya lita 10,000.

Hilo mimi nilijifunza kwa kuchoka. Skuta yangu niliinunua Mombasa, ikaja kwa lori. Kule ilikuwa ikikimbia vizuri. Nilipoiteremsha Nakuru ikawa haipandi mlima wa Milimani ila kwa gia ya pili, tena kwa kubembelezwa. Nilijiona mjuzi. Nikafikiri ina njaa, nikaiwekea jeti (kitundu kinachopitisha petroli) kubwa zaidi ili ipate petroli ya kutosha. Ikawa mbaya kuliko mwanzo: ikabwabwaja, ikatoa moshi, ikazima katikati ya barabara nyuma yangu kukiwa na matatu inayopiga honi.

Mzee mmoja fundi, anayefanyia kazi chini ya mti huko Shabab, hakuifungua. Aliniambia niiwashe, akainama nyuma kwenye ekzosi, akanusa, kisha akapitisha kidole ndani ya ncha ya bomba. Kikatoka cheusi na kimelowa.

“Mwalimu,” akasema, “hii haina njaa. Hii imevimbiwa.”

Kabureta ya zamani, kifaa kinachochanganya hewa na petroli, haina akili. Hewa inapita kwenye koo jembamba, inaongeza kasi, shinikizo linashuka, na petroli inafyonzwa kutoka kwenye kibakuli kupitia jeti. Jeti ni kipande cha shaba kisichozidi punje ya hindi, kina tundu katikati na namba ubavuni. Kwenye kabureta za Dell'Orto, namba 100 maana yake tundu lina upana wa milimita moja kamili. Namba 96, milimita 0.96. Kabureta hiyo haijui kama uko Likoni au Londiani. Hewa inapokuwa nyepesi, petroli inayofyonzwa hupungua pia, lakini haipungui kwa kiwango kile hewa ilichopungua. Ndiyo maana kila unavyopanda, mchanganyiko unazidi kuwa mzito bila mtu kugusa skurubu yoyote. Pikipiki mpya zenye kompyuta ya kupima hewa hujirekebisha zenyewe. Hizi zetu za babu hungoja mtu.

Sasa kwa nini ugonjwa huu huonekana zaidi unapotaka kuongeza mwendo? Unapofungua resi ghafla, hewa huingia mara moja kwa sababu ni nyepesi. Petroli, iliyo nzito, huchelewa kidogo. Kwa kitambo hicho mchanganyiko huwa mwepesi kuliko kawaida. Kama ulikuwa mwepesi tangu mwanzo, injini hushtuka na kukaa kimya, kama mtu aliyekatizwa maneno. Kama ulikuwa mzito, utaona kinyume: resi ndogo inaenda, lakini ukifungua yote injini inazama, inatoa sauti nene ya kukoroma na kuruka mipigo, na inazidi kukataa kadiri inavyopata joto.

Kupambanua upande uliopo hakuhitaji mashine. Kuna choki. Choki hupunguza hewa au huongeza petroli, kwa hiyo huufanya mchanganyiko uwe mzito zaidi. Skuta ikiwa imepata moto na iko barabarani, inakataa kuvuta, vuta choki nusu. Ikichangamka, ilikuwa na njaa ya petroli. Ikizidi kuzama, ilikuwa imeshiba tayari. Jaribio hili ni la sekunde tano na halina gharama. Nashangaa kwa nini watu hukimbilia kufungua kabureta kabla ya kulifanya.

La pili ni plagi, ile inayotoa cheche ndani ya silinda. Pandisha mlima resi ikiwa wazi, kisha zima injini palepale huku umeshika klachi, uache skuta ijisimamie pembeni. Usiirudishe nyumbani ikinguruma polepole, utausoma uongo. Fungua plagi. Ikiwa na rangi ya kahawia, kama chai ya maziwa iliyokolea majani, mchanganyiko uko sawa. Nyeusi yenye masizi au iliyolowa ni mzito. Nyeupe kama majivu ni mwepesi, na hapo usiendelee na safari.

Nasema usiendelee kwa sababu pande hizi mbili hazilingani kwa hatari. Mzito unakula petroli, unachafua plagi na kukuaibisha mlimani. Mwepesi unachoma. Joto linapanda, pistoni inapanuka, na kwenye injini ya mipigo miwili oili nayo imepungua maana inakuja pamoja na petroli hiyohiyo iliyopungua. Pistoni ikishika kwenye silinda, gurudumu la nyuma linakwama ghafla. Wengi husema injini imenoki. Mtu aliyewahi kukwama hivyo akiwa kwenye kasi hubaki na tabia ya kuweka vidole viwili juu ya klachi kila wakati.

Wepesi huo una vyanzo vyake. Kutu ya tangi inaziba jeti. Tundu dogo la kupumulia kwenye kifuniko cha tangi likizibwa na vumbi, skuta huenda kilomita chache, inafifia, na ukifungua kifuniko inafyonza pumzi kisha inapona kana kwamba imefanyiwa maombi. Gasketi ya kabureta ikichoka, hewa ya wizi inaingia. Sili za kranki, mipira inayozuia hewa kupenya pembeni mwa ekseli ya injini, zikizeeka, ni vivyo hivyo. Dalili yake ni injini inayobaki na mbio hata baada ya kufunga resi. Na hapa maana mbili za neno hukutana kwa namna inayowachanganya wengi: ukizidisha oili kwenye petroli kwa kudhani unaikinga injini, tundu la jeti halikui. Kila tone la oili ya ziada linachukua nafasi ya tone la petroli, na mchanganyiko wa hewa unasogea upande wa wepesi. Moshi utakuwa mwingi na utadhani mchanganyiko umekuwa mzito.

Uzito nao: chujio la hewa lililojaa vumbi (na Nakuru msimu wa kiangazi vumbi si la kuulizia), choki isiyorudi, sindano ya floti (ile inayofunga petroli kibakuli kikijaa) iliyolika hadi petroli inafurika, jeti kubwa kupita kiasi kama ile yangu.

Si kila skuta isiyovuta ina ugonjwa wa mchanganyiko. Injini ikipaa kwa sauti bila mwendo kuongezeka, ni klachi inayoteleza, au belti kwa zile zisizo na gia. Gurudumu likiwa zito kusukuma kwa mkono, breki zinashika. Na ekzosi ya mipigo miwili huziba kwa kaboni kidogokidogo kwa miaka, hadi injini inakosa pa kutolea pumzi.

Yule mzee alinitolea jeti yangu kubwa, akapita hata ile ya 100 iliyotoka Mombasa, akafunga 96. Milimani nikapanda kwa gia ya tatu. Nguvu ya Mombasa haikurudi yote, na haiwezi kurudi, kwani hewa iliyopungua haiongezwi na jeti. Jeti hulinganisha petroli na hewa iliyopo tu. Aliponirudishia ile ya 100 nilitaka kuiacha pale kwenye kopo lake la misumari.

“Weka, mwalimu. Siku utateremka Kisumu utaitaka.”

Barabara ya Kisumu kwanza inapanda hadi Mau Summit, zaidi ya mita 2,400, halafu inashuka hadi ziwani, mita 1,131. Kule chini hewa ni nzito, na jeti iliyopunguzwa kwa ajili ya Nakuru inakuwa na njaa, yaani upande ule unaoshika pistoni. Kwa hiyo jeti ya 100 inakaa kwenye kikopo cha dawa chini ya kiti, pamoja na bisibisi fupi na plagi ya akiba, na nikifika Ahero huwa naegesha kivulini, nangoja injini ipoe, naibadilisha.