Ile mashine hairudishi diski

Jumapili nimepokea ujumbe wa sauti wa dakika nne kutoka kwa binti wa kaka yangu, Tanga. "Shikamoo shangazi. Tumeanza mchango wa kumpeleka baba mkwe India, akawekewe ile mashine ya uti wa mgongo, ile mnayoweka huko kwenu, inayorudisha diski." Nikausikiliza mara mbili, nikalaza simu kifudifudi, nikaenda kupasha chai. Ni mara ya tano mwaka huu.

Mimi ni muuguzi wa kliniki ya maumivu sugu huku Uingereza, na mashine hiyo ndiyo kazi yangu. Hairudishi diski, ule mto ulio kati ya pingili na pingili. Haigusi diski. Haijui hata kama una diski.

Sehemu ya lawama naitupia lugha yetu. Tukisema uti wa mgongo tunataja mifupa, na papo hapo tunataja ile kamba ya neva iliyomo ndani ya mifupa. Vitabu vina neno ugwe mgongo, lakini lini umelisikia dukani? Basi mtu akisikia "mashine ya uti wa mgongo" anamwona fundi ananyoosha chesisi. Sisi chesisi hatuigusi. Tuko kwenye nyaya: mashine inapeleka umeme kwenye ugwe ili kupunguza maumivu.

Daktari anapitisha sindano nene mgongoni, kwa chini, anasukuma waya mwembamba kama tambi kwenda juu, nje ya utando unaofunika ugwe, hadi ncha yake ikae usawa wa pingili ya nane au ya tisa ya kifua. Ndiyo, ya kifua, hata kama kinachouma ni mguu, maana habari za mguu hupita hapo zikielekea kichwani. Betri inafukiwa chini ya ngozi, mara nyingi juu ya tako, na mgonjwa anapewa rimoti. Umeme wenyewe ni mdogo. Tuendelee.

Kinachonichosha ni swali la pili: "Kwa hiyo inaua maumivu?" Maumivu gani? Kuna ya goti lililosagika na kiuno kilichobeba magunia miaka 30. Hayo siyo yetu. Yetu ni ya neva zenyewe: mguu unawaka moto, siafu wanatembea ndani ya unyayo, shuka ikigusa kidole mtu anaruka. Wengi wa wagonjwa wetu walishapasuliwa mgongo, upasuaji ukaenda vizuri, mguu ukakataa kunyamaza. Mwongozo wa mwaka 2008 wa NICE, taasisi inayotoa miongozo ya matibabu Uingereza, unataka maumivu ya neva ya angalau miezi 6, yanayofika 50 kwenye mstari wa milimita 100 wa kupimia maumivu, ingawa dawa zimejaribiwa, kisha mashine yenyewe ijaribiwe kwanza.

Kwenye majaribio waya uko ndani, betri iko nje kwenye mkanda, na kwa siku kadhaa huogi kwa kujimwagia maji, huinami, hunyooshi mkono kufikia kabati la juu. Ukirudi nakuuliza: yamepungua asilimia ngapi? Ikifika 50 tunasema umefaulu. Nusu! Watu hudhani nawatania.

Na hiyo asilimia yenyewe inanikera. Mama mmoja alinitajia 20, uso umemwanguka kabisa. Nikamuuliza jana yake alifanya nini. Alipiga pasi mashati matatu, wima, bila kukaa, jambo aliloliacha miaka miwili nyuma. Wiki hiyo hiyo bwana mmoja akanitajia 80 akiwa bado haondoki kitandani. Alijua akitaja kidogo waya unatolewa. Fomu inamchagua yeye. Nilibishana na fomu mchana mzima, yule mama akapata yake. Yule bwana naye akapata, na hadi leo sina hakika kama tulifanya sawa.

Sasa nikiri mengine. Kila wiki nafundisha nadharia ya lango, ya watafiti wa maumivu Melzack na Wall, 1965: ukigonga kiwiko unakisugua, ule msuguo unafunga lango na maumivu yanapungua. Mwaka 1967 Norman Shealy, daktari mpasuaji wa neva kule Marekani, akamwekea mgonjwa wa saratani kifaa cha kwanza kwa wazo hilo: mtekenyo wa umeme ndio msuguo. Hadithi tamu. Ila mgonjwa wangu akishika sufuria ya moto mashine ikiwa imewashwa, anaungua na anapiga kelele kama wewe. Lango gani linachagua wageni? Tena siku hizi kuna mashine za mapigo 10,000 kwa sekunde ambazo mgonjwa hasikii hata mtekenyo, na bado wako wanaosema zimewasaidia. Hapo nadharia ya kiwiko inaniacha njia panda.

Ushahidi nao ni wa kubishaniwa. Utafiti wa 2007 wa wagonjwa 100: baada ya miezi 6, asilimia 48 ya waliowekewa mashine walipata nafuu ya nusu au zaidi mguuni, dhidi ya asilimia 9 ya waliobaki na matibabu ya kawaida. Lakini kila mmoja alijua yuko kundi gani. Wanorwei wakatoa wa kwao mwaka 2022: wagonjwa 50, mashine ya mtindo usiotekenya, inawashwa miezi mitatu, inazimwa miezi mitatu, mgonjwa hajui. Tofauti ya maana haikuonekana. Wakosoaji wakasema mipangilio ilikosewa. Inawezekana. Nimeona watu wakiacha mofini kwa mashine hii, nimeona pia waliorudi kuomba itolewe.

Waya huhama, kidonda hupata maambukizi, betri huisha. Na wa kurekebisha mipangilio atakuwa India, mzee yuko Tanga.

Nikamuuliza binti: maumivu yanashuka mguuni? Hapana, kiuno tu. Yanawaka? Hapana, kinauma akiinama. Mkojo unatoka sawa, hana ganzi sehemu za siri? Angekuwa na matatizo hayo ningesema hospitali leo leo, siyo India. Hana. Nikamwandikia: mpelekeni kwa mtaalamu wa fiziotherapia, pesa za mchango zirudishwe kwa wenyewe.

Tiki mbili za buluu. Kimya. Kisha ikaingia picha ya mkanda wa sumaku: "Na huu je, shangazi?"