Nilipe ipi? Kuhusu kiingilio cha bei tatu

Swali ninalolisikia zaidi mlangoni, kila tunapoonyesha igizo hapa Arusha, ni hilo. Bango limeandikwa 3,000, 8,000 na 15,000, ila viti ni vilevile na igizo ni lilelile. Mtu anasita, anahisi kuna mtego.

Mtego hakuna: unachagua mwenyewe bei unayoimudu. Mimi ndiye mshika hesabu wa kikundi, ngoja nikuonyeshe. Tuseme onyesho linatugharimu 1,200,000: ukumbi, taa, vipaza sauti, maleba, posho za waigizaji. Viti viko 150. Ukigawanya, kila kiti ni 8,000. Kwa hiyo bei ya katikati ndiyo gharama yenyewe.

Sasa kwa nini wote wasilipe hiyo? Kwa sababu kiti kitupu hakituokolei hata senti. Waigizaji watatoka jasho lilelile mbele ya watu 100 au 150. Tukikaza 8,000 na watu 50 wakashindwa, tunabaki na 800,000, hasara tupu. Lakini hao 50 wakiingia kwa 3,000, wengine 60 wakatoa 8,000, na 40 wenye nafasi wakatoa 15,000, tunapata 1,230,000 na ukumbi umejaa. Na ukumbi uliojaa hucheka vizuri zaidi, muulize mwigizaji yeyote wa vichekesho.

Mji huu nao una sababu yake. Aprili na Mei mvua za masika zinanyesha, wageni wanapungua, magari ya safari yamepaki. Muongoza watalii anayetoa 15,000 mwezi wa Agosti bila kufikiri mara mbili, Mei anachukua ya 3,000. Ni mtu yuleyule. Ndiyo maana hatudai kitambulisho cha mwanafunzi wala maelezo ya hali yako.

Kuna wanaouchukulia utaratibu huu kama mchango wa harusi. Umefanana kidogo, ila kwenye harusi orodha inazunguka kwenye kundi la WhatsApp na kila mtu anajua shangazi katoa ngapi. Kwetu ni kinyume: tiketi zote rangi moja, na viti vya mbele ni vya aliyewahi. Siku aliyelipa kidogo atakapotambulika kwa kuangaliwa tu, hatarudi.

Wengine hukusanya baada ya onyesho. ARC, ukumbi wa Stockton kule Uingereza, ulianza kufanya hivyo mwaka 2015: unatazama kwanza, unaamua thamani baadaye. Napenda ujasiri wake. Hapa lakini, igizo likiisha usiku, nusu ya watazamaji wanakimbilia hiace za mwisho za Ngaramtoni na Usa River, na huwezi kumzuia mtu kwa kisanduku cha pesa.

Kwa hiyo tunapokea mlangoni, taslimu au kwa simu. Ukiwa na 2,000 tu, mwambie aliyekaa mezani, naye atakupa tiketi. Mtoto wa kupakatwa halipi.