Unyevu wa udongo: unavyoamua ukoka utambae au usimame

Unyevu wa udongo ni maji yanayoshikiliwa katikati ya chembe za udongo. Mvua kubwa ya Januari ikinyesha Mbeya, nafasi zote ndani ya udongo hujaa. Kwa siku moja au mbili zinazofuata, maji ya ziada huzama chini na hewa huingia kwenye nafasi kubwa, huku nafasi ndogo zikibaki na maji. Hapo ndipo ukoka unapostawi, kwa sababu mizizi inahitaji vyote viwili, maji na hewa. Jua likiendelea kuwaka, maji yanayobaki hung'ang'ania chembe kiasi kwamba mizizi inashindwa kuyavuta. Majani hunyauka hata kama udongo haujakauka kabisa.

Udongo wa kichanga hufika huko upesi. Mfinyanzi hukawia, ila nao ukikanyagwa sana hukosa hewa.

Watu wengi huchanganya kuishi kwa ukoka na kutambaa kwake. Kuishi kunategemea unyevu wa chini, sentimita 15 na zaidi, kwenye mizizi mirefu. Kutambaa kunategemea zile sentimita chache za juu. Ukoka wetu wa kawaida, na hata nyasi za Kikuyu ambazo asili yake ni nyanda za juu za Afrika Mashariki, husambaa kwa mashina yanayolala juu ya ardhi, na mengine hupita chini kwa chini. Kila shina lina vifundo, na kila kifundo kinaweza kuwa mche mpya kikigusa udongo wenye unyevu. Inua shina moja mwezi Septemba kwenye uwanja usiomwagiliwa uone: kwenye vifundo kuna vijizizi vifupi vya kahawia, vimekauka kabla ya kushika ardhi. Mche mama uko hai, lakini kiraka cha wazi pembeni yake hakizibiki.

Ndiyo maana ninasisitiza kupanda vipandikizi mvua zinapoanza, Novemba au Desemba. Ukipanda kiangazi, mwagilia kidogo kidogo kila siku mpaka vishike, kisha punguza siku na uongeze wingi wa maji ili mizizi iyafuate chini. Anayeendelea kunyunyiza kidogo kila jioni hubaki na mizizi mifupi, na gugu la ndago huanza kuchomoza, maana ndago hupenda udongo uliolowa.

Kiangazi chenyewe hakifanani mwanzo hadi mwisho. Juni na Julai baridi ya Mbeya, Njombe na Mufindi hupunguza ukuaji, kwa hiyo maji kidogo yanatosha. Septemba na Oktoba jua ni kali na mvua bado. Hapo ukoka huhitaji takriban milimita 25 kwa wiki. Weka kopo uwanjani unapomwagilia, upime kina cha maji kwa rula.

Dalili ya kiu ni nyayo. Ukipita na majani yakakawia kuinuka, chomeka spoku ya baiskeli ardhini. Ikigoma karibu na juu, mwagilia. Kwenye miteremko ya Iringa maji hukimbia kabla ya kuzama, hivyo mwagilia nusu, subiri yanywewe, ndipo umalizie.