Kukata tamaa kimyakimya: mwanamume mpole wa filamu nyeusi

Katika filamu za uhalifu za Marekani za miaka ya 1940, macho ya mtazamaji hukimbilia kwa mpelelezi mwenye kofia, jambazi mwenye bastola na mwanamke mrembo anayewaponza wote wawili. Yupo mtu mwingine ambaye ni rahisi kumpita: mume mpole, karani, keshia, kinyozi. Hagombi, hadai, hapazi sauti. Kazini anafika kwa wakati, nyumbani anatumwa na anakwenda. Ndani yake amekwisha kukata tamaa siku nyingi, na waliomzunguka wanadhani ameridhika. Hali hiyo ndiyo inayoitwa hapa kukata tamaa kimyakimya, nami naiona kuwa moyo wa filamu hizo, kuliko risasi zote zinazopigwa humo.

Filamu zenyewe zilipewa jina la film noir, yaani filamu nyeusi, na mhakiki wa Ufaransa Nino Frank mwaka 1946. Wakati wa vita kazi za Hollywood hazikuwa zikifika Paris. Vita vilipokwisha ziliingia kwa mkupuo, na Frank akaona hadithi za uhalifu zimegeuka: giza limezidi kwenye picha, na limezidi kwenye mioyo ya wahusika. Baadhi ya waongozaji wa filamu hizo walikuwa wamekimbia utawala wa Wanazi huko Ulaya, na walikuja na mtindo wao wa vivuli virefu na taa ya upande mmoja. Mmoja wao ni Fritz Lang, mzaliwa wa Vienna, na filamu yake Scarlet Street ya mwaka 1945 ndiyo mfano bora wa jambo tunalolizungumzia. Nitaeleza hadi mwisho wake, kwa kuwa maana ya dhana hii iko mwishoni humo.

Christopher Cross ni keshia New York. Anaigizwa na Edward G. Robinson, mtu ambaye watazamaji walikuwa wamemzoea kama jambazi katili, kwa hiyo unyonge wake hapa unauma zaidi. Filamu inaanza na karamu: tajiri wake anampa saa ya dhahabu kwa miaka 25 ya utumishi mwaminifu. Nyumbani mkewe, Adele, anamsimanga. Ukutani imetundikwa picha kubwa ya mume wa kwanza wa Adele, anayedhaniwa kuwa amekufa, na chini ya macho ya mtu huyo Cross anavaa aproni na kuosha vyombo. Ana raha moja tu, kuchora, nayo anaifanyia bafuni siku za Jumapili.

Halafu anakutana na Kitty, msichana anayemdhania kuwa mchoraji tajiri. Cross hamkatalii. Anaanza kuiba, kwanza fedha za mkewe kisha za mwajiri wake, ili ampangishie nyumba. Johnny, mpenzi wa kweli wa Kitty, anaziuza picha za Cross kwa jina la Kitty, na wahakiki wanazisifu. Hapa ndipo penye kiini cha mambo. Cross anapogundua kwamba ameibiwa kazi yake na jina lake, hakasiriki. Anafurahi! Picha zake zimeonekana, na hilo linamtosha. Anaona ni kama wameoana, ila yeye ndiye aliyechukua jina la mke. Ukitaka kumwelewa mwanamume wa aina hii, anza na furaha hiyo. Mtu asiyetaka chochote hawezi kufurahi namna ile. Cross ana tamaa yake, ndogo na halali kabisa, ya kuonekana. Hajawahi kuitamka mbele ya mtu anayeweza kumjibu, basi inapita njia za panya: wizi, uongo, jina la mtu mwingine.

Baadaye Kitty anamcheka usoni, anamwambia kuwa ni mzee na hafai. Cross anamdunga hadi kufa kwa chuma cha kuvunjia barafu. Anayekamatwa ni Johnny. Mahakamani Cross anakana kwamba anajua kuchora, na Johnny anauawa kwa kosa asilolitenda.

Wahenga walisema kufa kikondoo ndiko kufa kiungwana, na katika jamii nyingi mwanaume anayeumia bila kulalama husifiwa. Filamu nyeusi inaitazama sifa hiyo kwa ukali. Inaonyesha kuwa ukimya wa muda mrefu una gharama, na gharama hiyo hulipwa na wengine kwanza. Inaonyesha pia jambo la pili, ambalo mimi naliona zito zaidi: mtu aliyenyamaza maisha yake yote hasadikiki siku anapofungua kinywa. Cross, akiandamwa usiku na sauti za Kitty na Johnny, anajaribu kujinyonga na kuokolewa. Baadaye anataka polisi wamkamate kwa mauaji. Wanamwona mwendawazimu. Anaishia kulala nje, na picha aliyomchora Kitty inauzwa dola 10,000 mbele ya macho yake.

Ndugu Joel na Ethan Coen waliichukua hali hiyohiyo wakaijengea filamu nzima mwaka 2001, The Man Who Wasn't There. Tuko Santa Rosa, California, mwaka 1949. Ed Crane, anayeigizwa na Billy Bob Thornton, ni kinyozi katika duka la shemeji yake. Anavuta sigara, ananyoa, anasikiliza porojo za shemeji. Anashuku kwamba mkewe Doris anatembea na bosi wake, Big Dave, wala hamuulizi. Siku moja anatokea mgeni anayetafuta mbia wa biashara mpya ya drai klina, mtaji dola 10,000. Ed, ambaye hajawahi kutaka kitu kwa sauti, anamwandikia Big Dave barua isiyo na jina akimtisha kufichua siri hiyo asipolipa. Hiyo ndiyo hatua yake kubwa maishani, na hata hiyo ameichukua kwa kujificha.

Big Dave anagundua na kumkaba. Ed anamuua akijitetea. Polisi wanamkamata Doris. Ed anamwambia wakili waziwazi kwamba muuaji ni yeye. Wakili anaipima kauli hiyo kama mbinu ya utetezi, anaiona dhaifu, anaitupa. Doris anajinyonga kizuizini, na hatimaye Ed anahukumiwa kifo kwa mauaji mengine, ya yule mgeni wa drai klina, ambayo hakuyatenda.

Tofauti kubwa na kazi ya Lang ni sauti. Ed ndiye msimulizi. Sisi watazamaji tunamsikia mwanzo hadi mwisho, kwa utulivu na ufasaha, ilhali watu wa mji wake hupata neno moja moja. Anatuambia sisi kile ambacho Doris alipaswa kuambiwa. Hata pale anapojaribu kumweleza shemeji yake jinsi inavyomshangaza kwamba nywele haziachi kuota, shemeji haelewi anazungumzia nini. Mpiga picha Roger Deakins aliirekodi kwa mkanda wa rangi kisha ikachapishwa nyeusi na nyeupe, na ule ukijivu laini unamfaa Ed, mtu ambaye hana weusi wa jambazi wala weupe wa shujaa.

Si kila mwanamume anayeangamia katika filamu hizi ni wa aina hii. Wakala wa bima wa Double Indemnity, ya mwaka 1944, ni mjanja mwenye majivuno, anayepanga mauaji kwa hesabu kali. Wala kukata tamaa kimyakimya si suala la woga. Katika The Killers ya mwaka 1946, bondia wa zamani mwenye mwili wa chuma anaonywa kuwa wauaji wanakuja, naye anabaki amelala kitandani gizani akiwasubiri.

Scarlet Street haina tena hakimiliki nchini Marekani na inapatikana mtandaoni bila malipo. Ukiitazama, angalia ni nani, kati ya wote wanaomtuma, kumsifu, kumsimanga na kumla fedha, anayeketi na Cross akamuuliza anataka nini.