Panya wa friza: kuyeyusha ni kazi moja, kupasha ni kazi nyingine

Jamani wiki hii tu watu watatu wamenijia na swali lile lile, nyoka katapika panya, kwanini, na wote watatu nilipowauliza mlimyeyushaje jibu likawa moja, "nilimtumbukiza kwenye maji ya moto." Nimechoka kuhubiri kaunta kila siku, bora niandike hapa mara moja halafu niwe nawatumia linki.

Kwa asiyenijua, mimi mtu wa Tanga, niko Leicester, Uingereza, mwaka wa 11 sasa, kazi yangu ni kuhudumia nyoka na mijusi kwenye duka la wanyama. Mama akiulizwa na majirani mwanao anafanya nini huko anasema "yuko kwenye mambo ya mifugo", na sio uongo, hawa nao si wanafugwa?

Huku nyoka wengi wa kufuga wanakula panya waliouawa wakagandishwa, wanauzwa kwa saizi kuanzia vile vitoto vyekundu visivyo na manyoya, tunaviita pinki, mpaka panya mkubwa wa kujaza kiganja na zaidi. Wa nyumbani huwa wanashangaa, kwani si umpe panya hai ajikamatie? Panya hai ukimfungia na nyoka ambaye siku hiyo hana njaa, panya ndo anamgeuka nyoka, nimeshapokea chatu aliyetafunwa mgongoni usiku kucha mwenyewe kalala chumba cha pili. Wa friza hana meno ya kukusumbua.

Shida yake ni kwamba anakuja kama jiwe. Na nyoka hana joto lake mwenyewe, analichukua nje, kwenye ile kona ya taa au mkeka wa umeme, na hilo joto ndilo linalomfanya asage chakula. Ukimmezesha panya ambaye nje laini ila tumboni kuna donge la barafu, ni kama umemwaga maji baridi jikoni kwenye makaa, mmeng'enyo unazubaa, na panya mwenyewe tumbo lake bado limejaa mabaki na bakteria wake, basi badala ya kusagwa anaanza kuoza ndani ya nyoka. Siku mbili tatu anarudishwa, na harufu yake, aisee, sina maneno.

Sasa watu wanapokosea ni hapa, wanachanganya kuyeyusha na kupasha. Wanataka maji yale yale ya moto yatoe barafu NA yampe panya joto, vyote kwa dakika kumi. Haiwezekani. Kutoa barafu kunataka baridi na muda. Kupasha kunataka joto na haraka.

Kuyeyusha unafanyia kwenye friji. Sio friza, friji, ile nyuzi 4 au 5. Unamtoa panya jioni, unamtia kwenye mfuko wa zipu, unatoa hewa, unafunga, mfuko unakaa ndani ya boksi la plastiki lenye kifuniko ambalo ni la panya tu halina kazi nyingine duniani, na boksi linakaa shelfu ya chini kabisa ili likivuja lisidondokee mboga za watu. Pinki masaa machache tu wako tayari, panya mdogo mzima anamaliza usiku mmoja, panya mkubwa mpe mpaka masaa 24 na wakati mwingine zaidi. Polepole hivi barafu inatoka mpaka katikati huku nje hapajapata joto la kuzalisha bakteria. Ukimwacha mezani kutwa nzima, nje kunakuwa na joto la chumba na kati bado barafu, bakteria wa juu wanashangilia na wewe unasubiri tumbo lilainike.

Kujua kama yuko tayari mbonyeze tumbo kwa kidole juu ya mfuko, usiishie mgongoni wala kichwani, tumbo ndo la mwisho kuyeyuka. Ukisikia kitu kigumu kama gololi, rudisha. Na ukikuta tumbo limeshakuwa kijani au ngozi inachanika ukigusa, tupa, usione hasara, panya mmoja ni bei ndogo kuliko daktari wa mifugo wa huku.

Kupasha ndo kazi ya pili, dakika chache kabla ya kulisha. Maji ya bomba ya moto kiasi cha nyuzi 40 hivi, mkono unavumilia ila unasikia, panya akiwa bado ndani ya mfuko wake asilowe, dakika 10 mpaka 15, mkubwa mbadilishie maji mara moja. Asilowe kwa sababu akilowa harufu inapungua na pia atakusanya vumbi la mbao kwenye boksi la nyoka na nyoka anameza vyote. Halafu kuna siri ya chatu. Chatu mpira, yule mdogo anayejikunja duara akiogopa, ni Mwafrika mwenzetu, kwao ni Afrika Magharibi kuja mpaka Uganda, ana vishimo kwenye midomo vya kusikia joto, kwake panya baridi sio chakula ni kokoto. Kwa hiyo mwishoni mimi namtoa panya, nashika kwa koleo refu, kichwa nakichovya sekunde chache kwenye maji ya moto zaidi kidogo, nafuta na tishu, namsogezea. Chatu wengi wanaosemwa "hali wa friza" wanakula wakifanyiwa hivyo. Nyoka wa mahindi, yule wanayemwita corn snake, hana vishimo hivyo, yeye anafuata harufu na mwendo, anakula hata panya wa joto la chumba, hana maringo.

Maji ya birika hapana. Nililijua hili kwa aibu, wiki yangu ya kwanza kazini niliona foleni ya nyoka inanisubiri nikamwagia panya maji yaliyochemka, ngozi ikajikunja, tumbo likapasuka mbele ya mteja na mtoto wake, na ndani bado kulikuwa na barafu! Yaani nilipika nje na kugandisha ndani, sijui nilifikiri nini. Maikrowevu ndo usiseme kabisa, inapasha kwa mabaka, sehemu moja inaungua sehemu nyingine ubaridi, nyoka anaunguzwa koo na tumbo, na panya anaweza kulipuka, na hiyo ndo maikrowevu unayopashia pilau lako.

Ambalo linanifikisha kwenye salmonela, bakteria wa kuharisha na homa, na hapa nitakuwa mkali kidogo samahani. Watu wanadhani friza inaua vijidudu. Haiui, inavilaza tu. Hapa Uingereza kulikuwa na mlipuko wa ugonjwa wa salmonela ulioanza kuonekana 2015, wakagundua chanzo ni panya wa kulishia nyoka waliokuwa wakitoka Lithuania, waliougua ni zaidi ya watu 800 na watoto wengi humo, mpaka Februari 2022 uingizaji wa panya kutoka huko ukasimamishwa. Marekani nako 2010 panya wa friza walirudishwa kutoka sokoni kwa sababu hiyo hiyo. Na panya mwenyewe anaonekana msafi tu, mweupe, huwezi kujua kwa macho.

Kwa hiyo kazi hii sio ya jikoni. Fanyia bafuni au stoo, maji ya kupashia mwaga chooni sio kwenye sinki la vyombo, bakuli na koleo vya panya viwe vya panya, ukimaliza nawa mikono kwa sabuni sio kuichovya tu. Watoto chini ya miaka mitano wasiguse panya, wasiguse na huyo nyoka. Kama una uwezo tafuta kafriza kadogo ka panya peke yao, vinginevyo boksi lililofungwa vizuri na liandikwe, maana mgeni wangu mmoja kutoka nyumbani alifungua akitafuta samaki, hajanisamehe.

Ukishamyeyusha usimrudishe friza. Najua inauma. Lakini kila akiyeyuka bakteria wanaongezeka, ukimgandisha tena unawahifadhi tu wakiwa wengi zaidi.

Halafu kuna hili naulizwa sana WhatsApp na wa nyumbani, wenye vibali vya kufuga maana kule bila kibali cha wanyamapori usithubutu, je nikitega panya wa stoo nikamgandisha? Hapana kaka. Panya wa stoo hujui kala nini, akiwa kala sumu ya jirani sumu iko kwenye ini lake na friza haiiondoi, nyoka anaimeza yote. Zalisha wako au nunua wa kufugwa.

Nyoka akishameza muache, masaa 48 usimshike. Akitapika usimpe mwingine kesho yake kwa huruma, koo na tumbo vimeungua na asidi, subiri siku 10 mpaka 14, kagua joto la boksi la nyoka kwa kipimajoto sio kwa mkono, kisha anza na panya mdogo kuliko yule. Akitapika mara ya pili muone daktari.

Na akikataa? Mie nampa kwa koleo, akigoma namwekea panya ndani, nazima taa naondoka, asubuhi akiwa bado yupo namtoa, mifuko miwili, pipa la taka. Usimrudishe friji ukisema atakula jioni. Chatu mpira dume anaweza kugoma miezi kadhaa msimu wa kujamiiana na asipungue uzito wa maana, mpime tu kila wiki, yeye hana wasiwasi kabisa, ni wewe ndo hulali.